Mikunjo Kati ya Vilele

Maabara nzima walimwita Mama Vioo. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupanga na kufuta vioo vya leza, na hakuna aliyewahi kuvikuta na vumbi. Ndiyo maana maneno ya mtafiti mpya, kijana aliyetoka masomoni juzi tu, yalimchoma.

"Mama, naona vioo vimechafuka," alisema, akionyesha skrini.

Walikuwa wanaipiga chembe moja isiyoonekana kwa macho kwa mipigo mikali ya leza, kisha wanapima mwanga inaoutoa. Vitabu vilisema grafu ya rangi za mwanga huo itakuwa na vilele vitatu. Vilele vilikuwepo, ila katikati yao palikuwa na mikunjo midogo midogo, kama shuka lisilopigwa pasi.

"Vioo vyangu ni safi, mwanangu."

"Basi nitainyoosha kwa kompyuta. Ripoti inatakiwa Ijumaa."

Mama Vioo hakubishana. Alivaa glavu, akafuta kila kioo upya huku kijana akimwangalia. Mikunjo ikabaki palepale. Kijana akaguna, akaenda kunywa chai.

Uchafu, aliwaza Mama Vioo, haujui mpigo ni mrefu au mfupi; mikunjo yake haiwezi kubadilika. Akarefusha muda wa kila mpigo mara mbili, ukali uleule, akasubiri. Mikunjo ikaongezeka, ikasongamana. Akaufupisha mpigo, ukabaki mkunjo mmoja tu kila upande wa kilele cha kati. Akachapisha grafu zote tatu, akazibandika ukutani, akaketi.

Kijana aliporudi alizitazama moja moja, kikombe mkononi.

"Ukali wa mpigo unapopanda, chembe inatoa mwanga," alisema polepole. "Unaposhuka, inatoa tena, wa rangi ileile. Halafu mianga hiyo miwili inakutana..."

"Kwingine inaongezana, kwingine inafutana," alimalizia Mama Vioo. "Na mpigo ukirefuka, muda kati ya mianga hiyo unakua, mikunjo inazidi."

Kijana aliweka kikombe chini. "Nisamehe, mama. Nilikuwa karibu kufuta kitu cha maana kuliko vyote humu."

"Hukujua. Ila siku nyingine niulize kwanza, ndipo uvilaumu vioo vyangu."

Wakacheka. Ripoti ilichelewa wiki tatu, na mkuu wa maabara hakulalamika alipoona grafu zile ukurasa wa kwanza. Kwenye orodha ya waandishi, Mama Vioo aliwekwa wa pili. Nyumbani aliwasomea wanawe orodha hiyo mara mbili, kisha akaikunja vizuri na kuitia kabatini.