Mbao za Verlin

Bwawa letu halina jina, lina namba tu: Kumi na Nne. Serikali ililijenga baada ya vita, tuta la udongo lenye kimo cha ghorofa mbili, ili mvua za Mei zikija kwa hasira, kama zinavyokuja hapa Oklahoma, maji yakamatwe pale, kisha yatoke polepole kupitia mnara mfupi wa zege wenye bomba chini yake. Bwawa la namna hiyo kazi yake ni kukaa karibu tupu. Hilo watu hawalielewi, na kaka yangu Verlin hakutaka kulielewa kabisa.

Kiangazi kilichotangulia haya yote, ng'ombe wake walikuwa wanalamba matope. Akaingia na mtumbwi, akaziba matundu ya mnara kwa mbao na magunia ya chakula cha mifugo. Maji yakapanda futi sita, ng'ombe wakanywa, na Verlin akawa anavua kambare jioni huku anapiga mluzi. Majirani wote walijua. Tulicheka naye.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapojichukia. Mkaguzi wa bwawa nilikuwa mimi, Oleta, dada yake mkubwa. Kila Machi tunalitembea tuta, sisi watu wa kijito: tunakata mierezi inayoota, tunafukia mashimo ya fuko, tunakula maharage na mkate wa mahindi nyuma ya gari, halafu mimi najaza fomu. Mwaka ule niliziona zile mbao kwa macho yangu mawili. Nikaandika kwamba mnara uko wazi. Nilimwonea huruma kwa ajili ya ng'ombe wake. Huruma gani ile, Mungu anisamehe.

Chini ya tuta, bondeni kabisa, binti wa Verlin, Darla, alikuwa ameweka nyumba yake ya magurudumu. Aliishi pale na mtoto wa miezi mitano. Bonde lilikuwa halijaona mafuriko tangu bwawa lijengwe, kwa hiyo watu wakaliona bonde zuri, na sababu ya uzuri wake wakaisahau.

Mvua ilianza Jumapili. Jumatano saa nne asubuhi nilimkuta Verlin amesimama juu ya tuta na koti lake la mvua. Mnara ulikuwa umezama zamani. Nilimwambia azing'oe zile mbao. Akasema ziko futi kumi na tano chini ya maji, nizing'oe kwa meno? Alitaka nicheke, lakini midomo yake ilikuwa imekauka.

Nikashuka mpaka kwenye kitako cha tuta. Pale pana mahali pamekuwa pakivuja miaka yote, na hapana ubaya: maji yakivuja maangavu, tuta linatoka jasho tu. Yakivuja na udongo, ujue tuta lenyewe linaondoka. Nilikuwa na chupa ya bamia za siki garini. Nikazimwaga bamia, nikaisuuza chupa, nikaikinga pale panapovuja. Nilipoinyanyua, ndani mlikuwa na chai ya maziwa.

Nilipanda nikamwonyesha. Akasema hayo ni matope ya mvua, kwamba mimi tangu utoto napenda kuwatia watu hofu. Tukagombana pale juu kama watoto, watu wazima wenye mvi, maji yakiwa karibu na viatu vyetu upande mmoja na nyumba ya binti yake chini kabisa upande wa pili. Mwishowe nikamwambia abaki na mbao zake. Nikaingia garini, nikaondoka nimenuna, bila kumwambia kwamba naenda kwa Darla.

Simu ya Darla ilikuwa imekufa tangu juzi, na yeye alikuwa jikoni anachemsha chupa za mtoto. Nilimwambia tunaondoka sasa hivi. Hakushtuka hata kidogo.

"Baba alipita jana," akasema. "Kasema tuta liko sawa. Na wewe mwenyewe, shangazi, si uliandika kwenye fomu kwamba kila kitu kizuri?"

"Niliandika uongo."

Akaniangalia. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mnara umezibwa," nikasema. "Baba yako aliuziba, nami nikamfichia. Mchukue mtoto."

Hakuuliza tena. Alimfunga mtoto kwenye blanketi, akaanza kutafuta funguo za gari lake, kwenye droo, kwenye mkoba, chini ya magazeti. Nikamwambia aliache hilo gari, apande langu. Tukatoka. Taa ya jikoni ikabaki inawaka.

Tulipofika kilimani penye kanisa nilitaka nirudi tutani kumwambia Verlin kwamba wako salama. Haikuwezekana, kijito kilikuwa kimelifunika daraja. Nikapiga honi mpaka kiganja kikauma. Mvua ilimeza kila kitu.

Tulimwona vizuri kutoka pale. Alikuwa anatembea juu ya tuta, kisha akasimama ghafla, akainama kutazama mteremko wa upande wa bonde. Kitu cheusi kilikuwa kimefunguka pale, mdomo wake kama mlango wa banda, na maji yanatoka. Angekimbilia kusini angefika kwenye ardhi ngumu kwa hatua thelathini. Nilimwambia akimbie kusini, nikimwambia ndani ya gari langu, na vioo vimefungwa.

Akageuza kichwa akaitazama nyumba. Akaliona gari la binti yake uani.

Akateremka mbio, moja kwa moja bondeni, akiteleza, akianguka, akiinuka. Darla alishuka garini akaanza kupiga kelele, "Baba, hatumo! Hatumo!" akimnyanyua mtoto juu ya kichwa chake ili aonekane. Verlin alifika mlangoni. Akagonga kwa ngumi zote mbili, akaufungua, akaingia ndani kuwatafuta.

Tuta likaondoka wakati huo huo.

Walimpata siku ya tatu, maili nne chini ya kijito. Wakubwa wa serikali walipokuja kuniuliza kuhusu fomu niliwaambia yote, wakaandika ripoti juu yangu wanavyojua wao. Darla hajawahi kunilaumu kwa fomu hata mara moja. Anachoniuliza, kila Mei, ni kwa nini nilimwambia aache gari.