Kulungu wa Ndahiro

Vumbi la mahindi ni jepesi. Ukimimina mahindi makavu ndani ya pipa asubuhi, jua likiwa bado chini nyuma ya maghala ya Jeffersontown, vumbi hilo huinuka, huelea, hung'aa, kisha hukawia hewani kama lisilo na haraka ya kwenda popote. Muhoza alilipenda. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, miguu imevimba ndani ya viatu vizito vya kazi, lakini alisimama nyuma ya nyumba akilitazama mpaka liishe. Lilimkumbusha vumbi la ng'ombe wa baba yake wakirudi zizini kwenye milima ya Kivu ya Kusini, kabla ya vita, kabla ya kambi, kabla ya Marekani na mji huu wa Louisville.

Hori ile aliijenga mwenyewe, Agosti mwaka 2015. Pipa la plastiki la buluu, tundu chini yake, sinia la mbao la kupokea mahindi, na nguzo moja ya kubeba vyote. Nyuma ya ua palikuwa na kijito, ng'ambo ya kijito shamba la mzee mmoja mzungu, na kutoka huko walikuja kulungu. Wa kwanza alikuwa jike mwenye sikio la kushoto lililochanika, na mtoto wake nyuma. Akashusha shingo, akala, akainua kichwa, akatafuna. Akatafuna kama ng'ombe kabisa! Muhoza aliketi kwenye ngazi ya nyuma akalia bila aibu. Tangu walipokimbia, hakuwahi kulisha kitu chenye kwato.

Lakini wewe, rakuni, mnyama mwizi wa usiku! Wewe mwenye barakoa nyeusi usoni na vidole vya fundi saa, ulimtesa mtu wa watu. Wiki ya kwanza kila asubuhi pipa lilikuwa tupu, na nyayo zako, ndogo kama viganja vya mtoto, zimetapakaa kwenye udongo. Akafunika pipa kwa jiwe, ukalisukuma jiwe. Akafunga kwa kamba, ukaifungua kamba. Akapaka nguzo mafuta ya kupikia. Ukateleza, ukajilamba, ukapanda tena, na labda ukashukuru kwa kuongezewa kitoweo. Akanyunyiza pilipili ya mkewe Rakeli, ile kali ya kusagwa. Rakeli alinuna siku mbili. Wewe hukununa hata saa moja.

Basi Muhoza akatulia, akafikiri kama mchungaji. Akaing'oa nguzo, akaisimika mbali na miti ili kindi wasiruke kutoka matawini. Akaizungushia bati laini, pana, lisilo na pa kushika. Akatia mfuniko wenye komeo la chuma. Akapunguza tundu ili ndege wasiingize vichwa. Asubuhi moja ya Septemba alikuta mikwaruzo kwenye bati na mahindi yote mahali pake.

Hori imefungwa vizuri, alimwambia Rakeli, na alitembea kifua mbele siku nzima.

Oktoba akaja Ndahiro. Sasa alikuwa Ndahiro wa mji wa Columbus, wa mtaa wa Gahanna karibu na uwanja wa ndege, lakini kwa Muhoza alibaki Ndahiro wa kambini Burundi, aliyelala naye mkeka mmoja miaka minane, wakagawana blanketi na homa. Huko, wakiwa hawana hata mbuzi, waliahidiana: atakayepata ng'ombe kwanza atampa mwenzake jike mmoja, kama baba zao walivyofanya. Kwao, kumpa mtu ng'ombe ni kumwambia kwamba kuanzia leo nyumba yako na yangu ni moja.

Waliketi kwenye ngazi ya nyuma. Jike wa sikio lililochanika akavuka kijito, mtoto wake nyuma.

"Ndahiro," akasema Muhoza, "ng'ombe sijapata. Lakini ile ya sikio ya kupasuka, nakupatia. Iko yako."

Walicheka wote wawili, halafu kicheko kikaisha. Ndahiro akasimama, akapiga makofi taratibu, akamsifu kulungu yule kwa sifa za ng'ombe: pembe ambazo hakuwa nazo, maziwa ambayo hakuna mtu angeyakamua. Rakeli akaleta maziwa ya dukani kwenye bilauri, wakanywa kwa kupokezana. Ulikuwa mchezo. Haukuwa mchezo hata kidogo.

Na kwa kuwa anayetoa ng'ombe humweleza rafiki tabia zake, Muhoza alieleza. Hupita pale, penye mti ulioanguka. Huja saa moja asubuhi. Akisikia mlango wa gari hukimbia, lakini akisikia hatua za mtu mmoja husimama tu na kutazama. Jumatano mimi huchelewa kutoka kazini, simwoni. Mzee wa shamba hana neno na mtu. Ndahiro alisikiliza kwa makini sana, na Muhoza akafikiri kwamba huko ndiko kupendwa.

Novemba, jike hakuja. Siku moja, siku tatu, wiki. Muhoza alikagua komeo, akakagua bati, akaitukana barabara kuu na magari yake, akawasingizia mbwa wa mtaa mzima. Mahindi yalikuwepo. Hori imefungwa vizuri.

Jumamosi zikaingia picha kwenye simu, kutoka kwa dada yake Kamikazi, aliyekuwa na sherehe ya posa ya binti yake huko mjini Buffalo. Theluji dirishani, sufuria kubwa mezani, na Ndahiro katikati ya wageni, shati jeupe, meno nje. Kamikazi, maskini, hakujua lolote. Sauti yake ilijaa furaha: "Kaka, asante! Ndahiro ametuletea nyama ya ile ng'ombe ulimupatia. Tumekula, donc, mpaka majirani!"

Picha ya pili haikuwa ya Buffalo. Ndahiro amepiga goti kwenye majani makavu, penye mti ulioanguka. Nyuma yake mzungu wa kazini kwake ameshika upinde. Ndahiro ameinua kichwa cha mnyama kwa mikono miwili, ile mikono iliyopokea bilauri ya maziwa, na sikio la kushoto limechanika.

Muhoza aliumia kama mtu aliyefiwa. Aliumia, na akaona haya kuumia, kwa maana ni nani angempa pole mtu mzima kwa ajili ya kulungu?

Akapiga simu Gahanna. Ndahiro akapokea akicheka, ndege ikinguruma juu yake.

"Ulifika mpaka hapa nyuma ya nyumba," akasema Muhoza, "na haukunisalimia?"

"Ilikuwa Jumatano. Ulikuwa kazini."

"Ndahiro. Ng'ombe ya urafiki haichinjwaka."

"Bon, ulinipatia ama haukunipatia? Ile si ng'ombe, Muhoza. Ni nyama ya pori. Uko unalia juu ya nyama ya pori?" Kisha akalainisha sauti, kama mtu mwenye ukarimu. "Usikasirike. Ile mtoto yake imeshakuwa mukubwa. Jumatano tutarudi, na wewe tutakuachia mguu."

Muhoza alikata simu. Kwao, ndama wa kwanza wa ng'ombe wa urafiki humrudia aliyemtoa. Hilo halifundishwi, mtu hukua nalo. Ndahiro alikua nalo.

Jumanne asubuhi, alipotoka kazini, Muhoza alichukua koleo akalibandua bati lote kwenye nguzo. Akang'oa komeo. Rakeli akatokea mlangoni na kanga yake mabegani.

"Muhoza, rakuni watamaliza yote."

"Wamalize. Wao walikuja na barakoa, nikawajua."

Ndipo alipomwona ng'ambo ya kijito, penye mti ulioanguka: yule mtoto, peke yake, saa moja kamili, masikio yote mawili mazima. Alisikia hatua za mtu mmoja, akasimama tu akatazama, kama mama yake. Akaanza kuvuka.

Muhoza akapiga kelele. Kelele ya milimani, ile ya kufukuza fisi. Mtoto akasimama katikati ya maji, hakuelewa. Muhoza akakimbia mpaka kwenye hori, akachota mahindi kwa mikono miwili, akamrushia, akachota tena, akarusha tena, "Toka! Toka, usirudi hapa!" mpaka mkia mweupe ukapotea msituni.

Halafu akalisukuma pipa likaanguka. Vumbi la mahindi likainuka kwenye jua la Jeffersontown, likang'aa kama siku zote, likamwingia machoni. Rakeli alimwita ndani mara mbili, chai inapoa. Hakugeuka. Alisimama akisikiliza kama kuna kwato zinazorudi, akiomba zisirudi.