Mguu Ndani ya Beseni

Wenzake kazini walimwita Chumvi, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa mhudumu katika nyumba ya tiba ya maji ya bahari: kazi yake kujaza mabafu, kuwapaka wateja tope la mwani na kuwafunga mataulo ya moto. Aliwaona wakiingia wakichechemea na kutoka wakijinyoosha, na ungemsikia akisimulia nyumbani ungedhani bahari imesomea udaktari. Alikuwa akitia chumvi, ndiyo, lakini si sana.

Kwa hiyo baba yake alipopata kidonda cha sukari chini ya kidole gumba cha mguu, na kidonda kikakataa kufunga, Chumvi, bintiye, hakungoja kuombwa. Zahanati walikwisha kumwambia mzee akamwone daktari wa upasuaji. Mzee alikuwa fundi cherehani, mtu wa kushika mkasi kutwa nzima, lakini kisu cha mwenzake kilimtoa jasho.

"Hao wakishaanza kukata hawajui kuacha," alisema. "Wataanza na kidole, watamalizia kiunoni."

"Hawakugusi, baba. Niachie mimi."

Siku meneja alipokuwa safarini, alimwingiza baba yake kwa mlango wa nyuma, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akamwekea beseni la maji ya moto ya bahari.

Sasa, kipimajoto kilikuwepo pale, kimetundikwa ukutani kama pambo. Wahudumu hawakukigusa. Mikono yao nayo ilikuwa imeota sugu kwa kukamua mataulo ya moto, hivyo hawakuiamini. Aliyeulizwa ni mteja. Unaongeza maji ya moto kidogo kidogo mpaka mwenyewe aseme basi. Utaratibu mzuri kabisa, kwa watu wanaohisi miguu yao.

"Vipi, baba?"

"Ya baridi haya. Kwani mnaosha samaki?"

Chumvi akacheka, akaongeza.

"Na sasa?"

"Bado. Ongeza, mama, usiogope. Moto ndio unaovuta ugonjwa."

Akaongeza tena. Mzee akaegemea kiti, akaanza kisa cha bwana mmoja aliyepimwa suruali, akaenda kunenepa, kisha akarudi kugombana na fundi. Alikisimulia taratibu, kwa sauti zote mbili, ya fundi na ya bwana mnene, na binti akacheka mpaka akashika mbavu. Zilikuwa zimepita siku nyingi hawajakaa wawili hivyo. Alikuwa na furaha, na kwa hilo hatajisamehe.

Kisa kilipokwisha aliuinua mguu aufute. Ngozi ya unyayo ikabaki kwenye taulo.

"Mbona umenyamaza?" baba aliuliza. Alikuwa bado anatabasamu.

Mguu ule ulikuwa umekufa ganzi siku nyingi. Labda mzee aliona haya kusema, labda alidhani ndio uzee. Binti aliuliza habari za maji tu. Habari za mguu hakuuliza.

Hospitali waliukata chini ya goti. Daktari alipouliza ni nani aliyepima maji yale, mzee alidakia kabla binti hajafungua mdomo.

"Mimi mwenyewe. Huyu alinikataza, sikusikia."

Chumvi akainama, akauacha uongo ule upite.

Siku chache baadaye, mchana, wodi imejaa watu wa kuja kuona wagonjwa, mzee alimkamata mkono kwa nguvu. Jasho lilimtiririka.

"Mwanangu, yanaunguza."

"Nini, baba?"

"Maji. Mguu unaungua. Utoe."

Hakuwa na homa wala hakuwa usingizini. Nesi alisema huwatokea wengi, mguu uliokatwa huendelea kuuma kama upo, dawa italetwa. Kisha akaenda kitanda kingine.

Chumvi akafunua shuka. Kulikuwa na bandeji, kisha godoro.

"Nimeshautoa, baba."

"Hujautoa," mzee alisema, na akaanza kulia mbele za watu. "Utoe, mama. Nakuomba."