Chini ya Sakafu ya Wangu

Wangu alikuwa akimenya viazi vya kuponda mukimo jikoni kwake Riruta nyumba iliposhuka tena. Alishika sufuria isimwagike, akangoja itulie, akaendelea kumenya. Tangu kampuni ifunge mgodi wa chumvi ulio chini ya mtaa, nyumba za upande ule zilikuwa zikididimia, na watu walishazoea kupanda ngazi kutoka sebuleni kwenda barabarani.

Safari hii sakafu ilipasuka, na mumewe, Mwaura, akapanda kupitia ufa, ameganda chumvi mwili mzima. Kampuni ilipoziba shimo, yeye na wenzake walikuwa bado ndani. Ofisi ikasema wote walitoka; ati asiyerudi kwake atafutwe alikolala! Watu wana midomo, jamani. Chifu naye akasema bila maiti hatoi kibali cha maziko.

"Umechelewa, Baba Wamucii," Wangu alisema.

"Njia ilikuwa imefungwa."

Hakuwa hai. Kifua hakikupanda wala kushuka, na chai aliyopewa ilimpolea mkononi.

"Nataka kuzikwa," alisema. "Huko chini hatuozi."

Wakakubaliana kwenda ofisi ya kampuni, Upper Hill, ikiri mbele yake kwamba ilimwacha, chifu apate kutoa kibali. Ila Wangu ni mwanamke wa heshima zake, haendi mjini na mume mchafu. Alichemsha maji, akamsugua chumvi yote, akampaka mafuta, akamvisha suti ya harusi. Laiti angemwacha alivyo!

Meneja, Haron, alisimama akampa mkono.

"Si huyu hapa? Mzee, uko poa kabisa!"

"Huyu amekufa, bwana," Wangu alisema. "Hebu mguse, hana joto."

"Ni hii baridi ya Julai, mama. Hata mimi naiskia. Tulisema wote walitoka, sasa jionee." Akaita mtu awapige picha, yeye na Mwaura, wakisalimiana.

Kwenye lifti Wangu alilia kwa hasira. Mwaura alimshikia mkoba.

Chifu alikuwa ameiona picha kwenye simu kabla hawajafika kwake. Alisema hawezi kumtolea kibali mtu aliyesimama wima.

Jioni Mwaura alivua suti, akaikunja vizuri, akavaa nguo za kazi. Wenzake walikuwa wakimngoja huko chini; walimtanguliza yeye kwa sababu anajua kuongea na wakubwa. Aliingiza mguu mmoja ufani, akasita.

"Niwaambie nini, Mama Wamucii?"

Wangu alifuta macho kwa leso.

"Waambie walishatoka."