Zabibu Zimekubali Simbo

Kigoma nilichoka nayo mapema. Mwaka 1996 nilitolewa Dodoma, kwetu, nikaletwa kujaribu zabibu kando ya ziwa, kana kwamba mvua za huku hazijulikani. Nikakabidhiwa mashamba matatu na kitabu kilichoandikwa kwa nchi kame.

Kibirizi, mchangani karibu na mwalo wa dagaa, mizabibu ilivaa ubwiri, ule unga mweupe wa majani, hata kabla haijatambaa. Unyevu wa ziwa haukuipa nafasi. Buzebazeba maji yalituama, mizizi ikaoza. Iliyosalia mbuzi wakaimaliza. Ikabaki Simbo, mteremkoni, kwenye udongo wa changarawe. Huko nilipewa kibarua mmoja kutoka kambi ya wakimbizi, Révérienne, mama wa Kirundi wa miaka hamsini hivi. Kibali chake cha kukaa nje ya kambi kilikuwa cha miezi sita sita, nacho kilisema wazi: kwa muda wa jaribio tu.

Nilimwambia tupogoe Desemba, kama kitabu kinavyosema. Kesho yake akanieleza kwa upole kwamba tukipogoa Desemba zabibu zitaivia kwenye masika, zitapasuka. Tungoje Mei, mvua ikikata, ziive kiangazi. Nilinuna. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini pale sote wawili tulikuwa wageni! Ila nilikuwa nimechoka hata kubishana, nikamwachia.

Septemba vishada vilining'inia vyeusi, vitamu, bila doa. Nilikula kimoja nimesimama, na haya nikaziona. Alicheka, kisha akauliza lile aliloniuliza kila kibali kilipokaribia kwisha: jaribio bado linaendelea? Kambini, alisema, unaamka kungoja mgao. Hapa unaamka una kazi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nikaandika ripoti, kurasa nne. Zabibu zimekubali Simbo, jaribio limefaulu. Nilimsifu kwa jina. Nilijua pia, Mungu anisamehe, kwamba jaribio likifaulu nitarudishwa nyumbani.

Barua ilikuja Novemba. Uhamisho wangu umekubaliwa. Shamba la Simbo si la majaribio tena. Litaajiri watu wa kudumu, raia tu. Mkimbizi aliyepo arudi kambini ifikapo Ijumaa.

Nilikwenda kumsomea mwenyewe, kule kule shambani. Nilijitetea sana. Nilimweleza nilivyomsifu, ukurasa wa pili, mistari sita mizima. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Akaufuta mkasi wa kupogolea kwa kanga yake, akanikabidhi.

"Bwana shamba," alisema, "ungeandika bado tunajaribu."

Na isingekuwa uongo. Msimu mmoja hauthibitishi chochote kwenye mzabibu, na kati yetu wawili, mimi ndiye niliyesomea hilo.