Gobore la Verlin Linapenda Nini

Huku kwetu milimani, kusini mwa Ohio, watu husema kila gobore lina kitu linachopenda. Baruti ya aina fulani, kiasi fulani, risasi ya uzito fulani. Ukilipatia linachotaka, matundu yote yanakaa pamoja kwenye karatasi. Ukilinyima, linatawanya huku na huku na kukuaibisha mbele ya shemeji zako.

Haya si magobore ya makumbusho. La mume wangu Verlin lina darubini na mtutu usioshika kutu, lakini bado unalilisha kwa mdomo: unamimina baruti, unashindilia risasi kwa mdeki, unaweka fataki nyuma, unapiga mara moja. Ukikosa, kulungu hakungoji ushindilie tena. Ndiyo maana mtu mwenye akili hutafuta mapema hicho kipimo linachopenda. Verlin alianza kutafuta majani yalipogeuka rangi, na sasa Krismasi ilikuwa imeshabisha hodi na hajakipata.

Zamani aliwahi kumjeruhi kulungu, akamfuata kwenye theluji kutwa nzima asimpate. Tangu hapo akajiwekea sharti: risasi tatu za yadi mia zisipofunikwa na kisahani cha chai, haendi msituni. Msimu wa magobore hufunguliwa Januari, siku chache tu, na hajawahi kuukosa. Nilijua akiukosa mwaka huu hatakwenda tena. Na Verlin asiye na Januari yake sikumjua, wala sikutaka kumjua.

Mwezi wa nne daktari alitupa jina la ule mtetemeko wa mkono wake wa kulia. Njiani kurudi nyumbani, tulipovuka daraja, Verlin akanikataza kumwambia mdogo wake: "Usimwambie Royce." Kuanzia siku hiyo mkono ukahamia mfukoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mume wangu alikuwa akiyaficha yake nyuma ya makopo ya baruti, nami nikimsaidia kuyapanga.

Mimi sina subira. Kahawa yangu huinywa nimesimama, na kanisani nakaa mwisho wa benchi nipate pa kutokea. Baba alinifundisha kulenga shabaha kabla hajanifundisha kuendesha gari, lakini kuwinda sikuwahi kuwinda. Kupiga napiga. Kukaa juu ya mti kwenye baridi kutwa nzima bila kukohoa, hilo Mungu hakuniumbia. Mkaaji ni Verlin. Anaweza kukaa mpaka ndege wakamsahau.

Jumamosi moja Verlin alikuwa ameketi kwenye meza yake ya kupigia, pembeni ya shamba la nyasi, gobore likiwa juu ya mifuko ya mchanga. Pikapu ya Royce ikaingia. Royce ni mtu mzuri, ila mdomo wake hauna breki.

"Bado tu?" akasema, akishuka na kikombe cha kahawa. "Mimi nilidhani mmeshahamia kwenye manati."

"Nenda kawachokoze wajukuu zako," Verlin akasema bila kugeuka.

Akapiga. Akashindilia, akapiga tena, na tena. Moshi ulipopungua Royce akainamia darubini kubwa ya miguu mitatu tunayotazamia shabaha.

"Moja imo. Moja iko pembeni. Ya tatu nadhani imevuka mpaka imekwenda Kentucky."

"Ni hizi fataki. Zina moto mkali mno."

"Jumamosi iliyopita ilikuwa baruti. Kabla ya hapo ilikuwa risasi. Mchagua jembe si mkulima, kaka. Hebu nipishe kidogo, nilipige mimi."

"Usiliguse."

Hakupaza sauti, lakini Royce alirudi nyuma hatua nzima. Akamtazama kaka yake, akanitazama mimi, kisha akaenda kwenye gari lake. Nikamfuata, maana kusimama pale nisingeweza.

"Shemeji, huyu ana nini?"

"Ana gobore bovu."

"Gobore lile halina ubovu. Nilikuwepo akilinunua." Akamwaga kahawa iliyobaki kwenye nyasi. "Januari naenda naye au siendi naye? Niambie tu nijue."

"Muulize yeye."

"Si ndo ananifukuza."

"Basi fukuzika."

Aliondoka amenuna, na haki yake. Nikaingia jikoni nikaosha vyombo visivyo na uchafu. Nilikuwa na hasira na Royce kwa kuuliza, na Verlin kwa kunifunga mdomo, na mimi mwenyewe kwa kuwa mwepesi wa kufungwa. Huko nje akapiga tena. Kila mlio ulipolia niliomba kimoyomoyo, na kila ulipotulia nilijua sikusikilizwa, kwa sababu hakuja mbio kunionyesha karatasi.

Jumapili, baada ya ibada na sahani ya maharage na mkate wa mahindi, akavaa koti.

"Njoo unisaidie kusafisha mtutu," akasema.

Theluji nyepesi ilikuwa imefunika shamba, na hewa imesimama kabisa. Kati ya risasi na risasi ilibidi kupitisha kitambaa chenye unyevu ndani ya mtutu, kisha kikavu, ili masizi ya baruti yasiibane risasi inayofuata. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Yeye akaanza kumimina baruti, na nusu yake ikamwagika mezani. Tukaitazama. Nikakitwaa kikopo cha kupimia mkononi mwake bila kuomba, nikamimina mimi, nikashindilia risasi mpaka alama ya kwenye mdeki ikawa sawa na mdomo wa mtutu. Hakunizuia, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea.

Akakaa kulenga. Nilikuwa nimesimama kando yake, nikauona mdomo wa mtutu ukitembea. Aliukandamiza kwenye mfuko wa mchanga, akaushika kwa mikono miwili, akazuia pumzi mpaka shingo ikawa nyekundu. Ukatulia, ukatembea tena, akapiga. Tulirudia hivyo mara tatu, kila kitu kile kile, baruti ile ile, mkono wangu ule ule ukishindilia. Nikainamia darubini ya miguu mitatu. Matundu yalikuwa mbalimbali, kila moja kivyake.

Mimi nilikunja vitambaa, nikavikunjua, nikavikunja tena.

"Huwa nasemaje kuhusu kutafuta kipimo?" Verlin akauliza.

"Badili kitu kimoja tu. Vingine viache vilivyo."

"Nimebadili baruti. Nimebadili risasi. Fataki. Nimebadili hata vyuma vinavyoshika darubini." Akautoa mkono wa kulia mfukoni akauweka mezani, na wote wawili tukautazama ukicheza juu ya ubao. "Kuna kimoja sijakibadili. Kaa hapa."

"Nina mkate kwenye tanuri."

"Mkate tumeshaula, mama."

"Basi nina vyombo."

"Nadine. Kaa."

Akanipisha. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Niliogopa, naweza kulisema hilo wazi. Nilijua tayari karatasi itasema nini, na sikutaka iseme kwa mkono wangu. Nikaweka shavu kwenye kitako cha bunduki, nikaona shabaha ya pili ya karatasi ile, isiyo na tundu, imetulia katikati ya darubini, imetulia mno, nikapiga. Nikasafisha, nikashindilia, nikapiga ya pili. Zilikuwa zimekwenda zilikopelekwa. Mpigaji huwa anajua kabla hajaangalia.

Ya tatu niliisukuma kushoto kwa makusudi, kiasi cha upana wa kiganja.

Verlin akainamia darubini ya miguu mitatu. Alikaa hapo mpaka nikatamani kumvuta koti.

"Mbili zinashikana," akasema. "Ya tatu umeitupa."

"Upepo."

"Moshi wako bado umesimama hapo hapo ulipotokea. Upepo gani?"

"Basi nimechoka."

"Miaka yote hii nakuona ukipiga, hujawahi kukosa kushoto. Ukikosa unakosa chini, kwa sababu ya papara." Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo. "Shindilia nyingine. Na usinionee huruma. Huruma nitapewa na Royce mpaka nitapike."

Nikashindilia. Baruti ile ile, alama ile ile. Nikapiga kama alivyonifundisha baba, bila kumwaza mtu yeyote.

Akaenda mwenyewe kuifuata karatasi, taratibu, nyayo zake zikivuka shamba jeupe. Alipofika pale nikamwona kwa darubini akiyafunika matundu yangu matatu yaliyoshikana kwa vidole viwili, kisha akasimama akinipa mgongo. Alipoibandua na kurudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo, lakini hajui sasa aiweke wapi mikono.

"Linapenda kipimo hiki," akasema, akiilaza karatasi mezani. "Lilikuwa likikipenda tangu Oktoba, maskini, nami nalitukana."

Hapo nikalia. Silii ovyo, na nikilia nakasirika, kwa hiyo nilimfokea huku machozi yakinitoka. Nilimwambia hajanitendea haki kuniweka kwenye kile kiti. Nilimwambia ningeweza kuishi na gobore bovu mpaka kufa kwangu.

"Najua," akasema. "Mimi nisingeweza." Akafuta meza kwa kiganja. "Kesho tutapita dukani uchukue kibali chako."

"Kibali cha kuwinda, mimi? Mimi siwezi kukaa, unanijua. Nitakohoa. Nitafukuza kila kulungu wa wilaya hii."

"Wewe utapiga. Kukaa nitakaa mimi, kwa ajili ya wote wawili. Hilo bado naliweza."

"Na Royce?"

"Royce nitamwambia mwenyewe. Leo hii, kabla hajausambaza ule utani wa Kentucky."

Akaketi upande wa pili wa meza, akalivuta gobore kwake, akafungua kifuniko kidogo cha juu ya darubini. Matundu yangu yalikuwa yamekaa pamoja, ila juu kidogo ya katikati na upande mmoja. Darubini hupangwa kwa mtu atakayepiga. Yeye mwaka huu hakuweza kuipanga ikatimia, maana tundu lake la kupimia lilihama kila mara. Sasa akaipima karatasi kwa macho, akaanza kugeuza skrubu iliyo chini ya kifuniko, tiki kwa tiki, kuyafuata matundu yangu.

Kidole kilimtetemeka. Kikapitiliza, akarudisha nyuma, kikapitiliza tena. Nikanyoosha mkono.

"Hapana," akasema. "Hii niachie."

Nikaurudisha mkono wangu, nikaukalia, nikangoja.