Mkebe wa Moshi wa Arbia

Maziwa ya ngamia yasipotiwa kwenye chombo kilichofukizwa moshi, huchacha njiani. Vyombo vya zamani vya kusuka vilifukizwa kwa kaa la moto lililotumbukizwa ndani, lakini jaribu hivyo kwenye jerikeni la plastiki uone litakavyoyeyuka. Arbia, muuza maziwa wa mtaa wa Waberi mjini Garissa, ndiye aliyepata dawa yake: mkebe wa mafuta ya kupikia wenye makaa, na bomba refu la kupoza moshi kabla haujaingia kwenye jerikeni. Wenzake sokoni wakauiga, naye akawaelekeza mmoja mmoja kwa furaha. Kufikia mwaka wa 1994 hapakuwa na muuza maziwa Garissa asiyekuwa nao.

Ndipo Sakariye akaja kutoka Nairobi. Mtoto wa hapa hapa, suti ya kijivu, manukato ya kufukuza nzi. Aliketi mkekani kwa Arbia, akanywa chai yake, akaugeuza mkebe huku na huku.

"Eeddo, mkebe huu ni mzuri sana," alisema, akimwita shangazi kwa heshima.

"Basi ni wako," Arbia akajibu.

Mgeni akisifu kitu chako, utajibu nini kingine? Ndivyo watu walivyolelewa. Naye mgeni aliyelelewa vizuri husema, "Utumie kwa baraka," na mambo yanaishia hapo. Sakariye alitabasamu tu, akamgeukia karani wake aliyekuwa ameketi mlangoni kuhakikisha kwamba amesikia.

Baada ya miezi kadhaa alirudi na cheti cha hataza. Aliwatangazia wanawake sokoni kwamba serikali imemtambua yeye kuwa mwenye mkebe, na kwamba anayetaka kufukiza sharti alipie ruhusa kwake, la sivyo atanyang'anywa. Hakuwa na karakana. Hakuwa ametengeneza mkebe hata mmoja, wala hakuwa na nia hiyo. Maziwa ya ngamia yenyewe yalimharisha. Alikuja kujibandika kwenye jasho la watu kama kupe kwenye kwapa la ngamia, anyonye, anenepe, na huo ukaitwa ugunduzi.

Arbia alimshtaki kwa D.O., afisa wa tarafa, kijana aliyehamishiwa Garissa karibuni.

"Alinipa mwenyewe," Sakariye alisema, "na shahidi wangu huyu hapa."

D.O. akamgeukia Arbia. "Mama, ulisema ni wake?"

Neno moja, hapana, lingemvuruga mtu yule. Arbia alimtazama Sakariye, akamwona ametulia tuli, mikono tumboni, anangoja. Sakariye alijua desturi vizuri kuliko yeyote mle ndani, na alijua pia kwamba mwanamke huyu hawezi kusema uongo mbele ya Mungu. Ucha Mungu wake ndio aliokuwa ameupigia hesabu.

"Nilisema," alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Lakini hiyo ni heshima ya mgeni, Bwana D.O. Hata mtoto yangu ukisifu, nasema chukua, ni yako. Na hakuna mtu anabeba mtoto."

Karani akacheka. D.O. hakucheka, lakini alisema cheti kimetoka Nairobi na yeye hana uwezo wa kukifuta. Kesho yake askari walipita sokoni wakikusanya mikebe.

Wengine walilipa. Arbia alikataa katakata, na maziwa yake yakawa yanachacha, anayamwaga huku wateja wakiziba pua. Uvundo wenyewe aliuzoea. Sura ya Sakariye, akizunguka vibandani na kupokea malipo kwa ncha za vidole asije akachafuka, hiyo haikuzoeleka.

Siku moja alikwenda kwa jirani yake Hinda. Hawa wawili walifunzana kila kitu tangu walipoolewa, kutibu ndama hadi kushona mahema. Alimkuta uani amechuchumaa juu ya kitu fulani cha udongo. Hinda aliposikia hatua, alivua shali upesi akakifunika.

"Unatengeneza nini, walaal?" Arbia aliuliza, akimwita ndugu kama siku zote.

"Sitengenezi kitu," Hinda alisema bila kuinua macho.

Moshi ulikuwa ukitoka chini ya shali, upande mmoja tu. Chombo kilivuja ubavuni, na Arbia alijua kwa nini, na alijua kinavyozibwa. Alifungua mdomo amweleze, akamkumbuka yule karani aliyeketi mlangoni akisikiliza, akaufunga, akaaga akaenda zake.